Nimeficha boksi la barakoa nzuri kwa ajili ya mwanangu

Mama Mshauri, hujambo?

Nakuandikia kutoka Kisumu. Tafadhali usitaje jina langu wala la karakana yetu, maana mji huu ni mdogo na shemeji yangu ni msomaji.

Mume wangu alifariki miaka minne iliyopita kwa ajali ya barabarani. Kakake mkubwa hakunitupa. Ana karakana ya kukata graniti: meza za jikoni, ngazi, na hasa mawe ya makaburi, kwa sababu huku kwetu wanawe mtu wakiwa na uwezo hawamwachi mzazi wao chini ya udongo mtupu. Alinipa kazi ya stoo na ya kuandika vitabu. Karo ya wanangu wawili analipa yeye. Sijalala njaa hata siku moja tangu nifiwe.

Mafundi ni 14. Sita ni wa msumeno na grainda, wengine wanapiga polishi, wanapima na kupakia. Wananiita Mama Stoo. Diski, gundi, glavu, maski, vyote nanunua mimi. Maski zenyewe ni zile za buluu za hospitali, boksi la vipande 50 kwa shilingi 300. Kwa mwezi nanunua maboksi manane, jumla shilingi 2,400, na shemeji hutia sahihi bila swali. Nimefanya hivyo miaka mitatu, na kila asubuhi nikiwagawia nawaambia, "Vaeni, msije mkaumwa."

Mwezi wa Julai alikuja muuzaji wa vifaa vya usalama. Akamwomba fundi mmoja avue maski yake, akaigeuza ndani nje, akanionyesha. Pale panapokaa pua kulikuwa na mistari miwili myeupe, imeanzia ukingoni ikashuka hadi mdomoni, kama njia ya siafu. Na kwenye mashavu ya fundi, chini ya macho, mistari ilikuwa iyo hiyo. Yule muuzaji akasema, "Mama, hii ni ya kuzuia mate, sio mawe." Siku hiyo sikulala.

Alinitajia barakoa inayoitwa FFP2, shilingi 150 kila moja, ya kutupwa zamu ikiisha. Nikapiga hesabu: watu 14, siku 26, ni barakoa 364, shilingi 54,600 kwa mwezi. Nimwendee shemeji na hesabu hiyo? Ataona nataka afunge kazi.

Sasa sikia nilichofanya. Kifungua mimba wangu anafanya KCSE mwaka huu. Shemeji amesema Desemba aje ashike grainda apate pesa za matumizi kabla ya chuo, na kijana amefurahi kama amepewa shamba. Nilichukua pesa zangu za chama nikanunua boksi moja la FFP2, vipande 20, nikalitia kwenye droo ya chini kabisa, chini ya vitabu vya risiti. Wiki iliyopita fundi mmoja kijana, ambaye amekuwa akikohoa tangu Machi, aliingia kutafuta kalamu ya kuchorea mawe. Akaifungua ile droo. Akaniuliza, "Mama Stoo, hizi ni za nani?" Nikamwambia ni sampuli. Aliniangalia, akaifunga polepole, akatoka.

Tangu hapo nikimpa maski ya buluu asubuhi hanitazami.

Niwagawie? Nimwambie shemeji? Nipigie watu wa leba? Halafu yule muuzaji alisema barakoa hizi hazimfai mwenye ndevu, na mzee wetu wa msumeno ni Mwislamu, ndevu zake ni za dini, na ndiye aliyewafunza wote kazi. Namwanzaje? Na kati ya FFP2, FFP3, N95 na hizo KN95 zinazouzwa hadi kwenye stendi ya matatu, mtu achukue ipi?

Mama Stoo, Kisumu

*

Mama Stoo, pole. Pole ya mume, na pole ya hiyo droo.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Umeuliza barakoa ipi, lakini sehemu kubwa ya barua inamzungumzia mtu aliyekushika mkono ulipofiwa, na jinsi unavyoogopa kwamba ukimwambia jambo asilotaka kulisikia utaonekana huna fadhila. Katikati yenu wamesimama watu 14 wanaokuamini kila asubuhi, na mtoto wako anakuja kuwa wa 15. Nitaanza na barakoa kwa kuwa huko kuna majibu. Kwingine tutatafuta pamoja.

Yule muuzaji alikwambia kweli. Maski ya buluu ilitengenezwa ili mate ya daktari yasimwangukie mgonjwa. Haikazi usoni, kwa hiyo hewa hupita pembeni, na mistari uliyoiona ndiyo njia yake. Ila ujue kwamba ulichokiona ni vumbi kubwa. Linaloua ni lile usiloliona. Jiwe la graniti lina madini ya kwatzi, yaani silika, na grainda inapolisaga hutoka chembe ndogo kuliko mikroni 10, wakati unywele wa mtu una unene wa kama mikroni 70. Chembe hizo hushuka hadi mwisho wa mapafu na kubaki huko, na mapafu hujitia makovu kuzizunguka. Ugonjwa huo huitwa silikosisi na hauna dawa ya kuuponya. Mara nyingi huchukua miaka kumi au zaidi kujitokeza, na vumbi likiwa zito sana huja mapema. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliiweka silika hiyo katika kundi la visababishi vya saratani tangu 1997.

Hapo nikuulize jambo ambalo wewe mwenye vitabu vya risiti unaweza kulijua kuliko fundi yeyote: je, mnakata pia yale mawe ya kutengenezwa kiwandani, yanayouzwa kwa jina la kwatzi, ya rangi moja safi bila madoa ya asili? Graniti huwa na silika kama theluthi hivi, kutegemea jiwe lenyewe. Haya ya kiwandani mengi yana zaidi ya asilimia 90. Australia waliyapiga marufuku kuanzia tarehe 1 Julai 2024 kwa sababu ya vijana waliougua wakikata meza za jikoni kama hizo zenu. Angalia risiti za mawe.

Sasa herufi na namba. FFP ni kipimo cha Ulaya, kiwango chake kinaitwa EN 149. FFP1 huchuja angalau asilimia 80 ya chembe za majaribio, FFP2 asilimia 94, FFP3 asilimia 99. N95 ni kipimo cha Marekani, asilimia 95, na KN95 ni cha China, asilimia 95 vilevile. Kwenye karatasi FFP2, N95 na KN95 ni ndugu wa tumbo moja. Usoni ndipo wanapoachana. KN95 nyingi hushikwa na mipira ya masikioni, na sikio halina nguvu ya kuvuta barakoa ikabana shavuni. N95 na FFP nzuri zina mipira miwili ya kichwani, mmoja juu ya masikio na mwingine shingoni. Ukikuta ile ya stendi imeandikwa N95 na ina mipira ya masikioni, iache hapo hapo.

Watu wengi hushikilia ile asilimia ya kuchuja, wakasahau ya kuvuja. Kiwango chenyewe cha Ulaya kinakubali kwamba FFP2 ikivaliwa vizuri itavujisha hadi asilimia 8, na FFP3 hadi 2. Ndiyo sababu Waingereza huhesabu kwamba kwa FFP2 mtu anavuta sehemu moja ya kumi ya vumbi lililo nje, na kwa FFP3 moja ya ishirini. Kwa kazi ya kukata mawe na zege wao hupendekeza FFP3, tena pamoja na maji ya kulowesha vumbi. Marekani, tangu 2016, kikomo cha silika kwa zamu ya saa nane ni miligramu 0.05 katika mita moja ya ujazo ya hewa. Piga hesabu kama unavyopiga za diski: barakoa ya moja kwa kumi inamtosha mtu aliye kwenye vumbi la hadi 0.5. Grainda kavu ndani ya banda hupita hapo bila shida. Kwa hiyo hata lile boksi la kwenye droo, lingekuwa la kutosha, lisingemkinga mwanao peke yake.

Na halitoshi. Vipande 20 ni zamu 20, ikiwa ni zile zenye alama ya NR, yaani zisizorudiwa. Kabla ya mwezi wa kwanza kwisha atarudi kwenye maski ya buluu. Ukiwagawia wote, siku ya kwanza zinatoka 14, siku ya pili zinabaki sita kwa watu 14, na hapo umeanzisha ugomvi. Sikwambii hivi ili nikuumize. Nakuonyesha kwamba siri hiyo inakutafuna bure, kwa sababu haiwezi kufanya kazi uliyoipa.

Hebu fungua droo usome boksi lenyewe. Barakoa ya kweli ya Ulaya huandikwa EN 149, daraja lake, NR au R, alama ya CE yenye tarakimu nne pembeni, na tarehe ya mwisho wa matumizi. Ukiona herufi D, imefanyiwa jaribio la kuziba kwa vumbi, na hiyo inawafaa. Ya Marekani huwa na neno NIOSH na namba inayoanza na TC. Boksi lenye FFP2 kwa maandishi makubwa na hayo mengine hayapo, hilo ni karatasi la bei ghali. Zenye kivalvu cha kutolea pumzi hazipunguzi kinga ya mvaaji, na kwa joto la Kisumu saa nane mchana kivalvu ndicho kitakachomfanya fundi asiishushe kidevuni.

Usinunue boksi zima la aina moja. Nyuso hazifanani. Omba vipande vichache vya aina mbili tatu, kila mmoja avae, abane chuma cha puani kwa vidole viwili vya mikono yote, afunike barakoa kwa viganja na kupumua kwa nguvu. Akihisi upepo machoni au miwani ikipata ukungu, inavuja. Wauzaji makini wana jaribio la dawa chungu inayopuliziwa ndani ya kofia ya plastiki: ukiuonja uchungu ukiwa umevaa, haikukai. Mwulize yule muuzaji kama anayo. Swali hilo litakuonyesha pia yeye ni mtu wa aina gani.

Ndevu sasa. Alikwambia kweli huko pia. Hata za siku moja zinainua ukingo, na mwanao mwenye sharubu zinazochipuka atalazimika kunyoa kila asubuhi ya kazi. Kwa mzee, mimi nisingethubutu kumwambia anyoe, wala sidhani unataka. Zipo kofia zenye feni ndogo ya betri inayosukuma hewa safi usoni, ambazo hazihitaji kubana shavu, lakini bei yake ni ya kuketi chini kwanza. Ipo njia ya kumhamishia kwenye msumeno unaomwagiwa maji muda wote, akae mbali na grainda. Kumtoa msumenoni kabisa kunaweza kumpunguzia kipato na heshima, na hilo pia ni jeraha. Je, umewahi kumwuliza yeye? Mtu aliyekata mawe maisha yake yote huenda anawajua wenzake waliokufa vifua vikikoroma. Huenda amekuwa akingoja mtu aanzishe mazungumzo hayo.

Hesabu yako ya 54,600 naona uliipiga ukiwa na hofu. Walio kwenye grainda na msumeno ni sita: sita mara 26 ni 156, shilingi 23,400. Bado ni pesa, tena wale wanane wengine wako banda lilelile na vumbi halichagui. Lakini uliza pia bei ya barakoa za mpira za nusu uso, zenye vichujio vya vumbi vya daraja la juu, P3, vinavyobadilishwa. Huoshwa na kuvaliwa miezi mingi. Linganisha gharama ya miezi sita badala ya mwezi mmoja. Halafu uliza maji. Vumbi likilowa kwenye diski halirukii pua ya mtu. Angalizo langu moja, na ni kubwa: msimwage maji kwenye grainda ya kawaida ya umeme, mtamzika mtu. Inatakiwa grainda iliyotengenezwa kufanya kazi na maji, au ya upepo wa kompresa, na swichi inayokata umeme ukivuja. Tope nalo lizolewe likiwa bichi, likikauka linakuwa vumbi tena. Kufagia kukavu na kupuliza nguo kwa kompresa jioni kunaweza kukoma kesho bila shilingi hata moja.

Sasa shemeji. Unasema hutia sahihi bila swali, nawe umelisoma hilo kama kutojali. Linaweza kuwa hivyo. Linaweza pia kuwa kwamba anakuamini, na anadhani maski ni maski, kama ulivyodhani wewe hadi Julai. Hujawahi kumwonyesha ile mistari miwili. Na fikiria: huyu ni mtu anayetaka mtoto wa marehemu nduguye ashike grainda. Kwa desturi zenu huyo ni mtoto wake. Angekuwa anajua, angemweka pale? Mimi simjui. Wewe umekaa naye miaka minne.

Ukiamua kumwambia, zipo njia zaidi ya moja. Unaweza kwenda peke yako, jioni, watu wakiwa wameondoka, na maski moja iliyotumika mkononi, uigeuze kama ulivyogeuziwa wewe, kisha hesabu mbili: ya barakoa na ya maji. Hatari yake ni kwamba atasikia lawama, na anayelipa karo akisikia lawama mnajua wote mnaishi vipi baadaye. Unaweza kwenda na mzee. Neno lake lina uzito ambao lako halina, ingawa shemeji anaweza kuhisi amezungukwa. Unaweza kuanza na mwanao tu, useme "huyu sitaki aguse grainda kavu", ukaacha swali la kwa nini lifungue mengine. Hiyo ni njia laini, ila mafundi wakija kujua kwamba mama alimwokoa wake akanyamaza, ile droo itakuwa imefunguliwa mara ya pili.

Watu wa leba wapo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga bila kumkata mfanyakazi, na Idara ya Usalama na Afya Kazini ina maafisa wa kukagua. Kamati ya usalama inalazimishwa penye watu 20 na zaidi. Nyinyi ni 14, lakini wajibu wa mwajiri haupungui kwa idadi. Unaweza kuwaendea kuomba ushauri kabla ya kulalamika. Hata hivyo siwezi kukuahidi kwamba jina lako halitajulikana katika karakana ya watu 14 yenye stoo moja. Wengine huchukua hatua hiyo mlango wa nyumbani ukishafungwa. Wengine huona kusubiri ni kucheza na mapafu ya watu. Nawaelewa wote wawili.

Kijana anayekohoa hawezi kungoja haya yote. Kikohozi cha tangu Machi kinataka hospitali wiki hii. Usimwambie ni vumbi, hujui. Inaweza kuwa kifua kikuu, na wanaovuta silika hukipata kwa urahisi zaidi. Vipimo na dawa za kifua kikuu katika hospitali za serikali ni bure. Cha muhimu amwambie daktari kwamba anakata mawe, kwa maneno hayo hayo, kwa sababu wengi husema "nafanya kazi ya mjengo" na hakuna anayeuliza zaidi. Ikija kuonekana ni la kazini, Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini inahesabu pia magonjwa ya kazi. Pengine ukimpeleka wewe mwenyewe, njiani mtapata nafasi ya kurudi kwenye lile neno "sampuli". Ama utachagua kutorudi huko. Lakini yeye alishajua, Mama Stoo. Ndiyo maana aliifunga polepole.

Kuhusu miaka mitatu unayoibeba: hadi Julai hukujua, na mtu hawezi kutoa asichonacho. Tangu Julai unajua. Ni miezi hiyo michache tu ndiyo yako, na bado haijawa mingi.

Mwisho, nilitafuta katika barua yako mahali mwanao anaposema anapenda mawe, sikupaona. Nimeona amefurahia pesa. Umemwuliza? Karakana yenye mafundi 14 ina kazi ya kupima jikoni za wateja, ya kuchukua oda, ya kuhesabu mawe yanapoingia, na hizo Desemba huwa nyingi, maana ndipo watu wa Nairobi wanaporudi nyumbani kujengea wazazi wao makaburi.